Marahaba Bila Shikamoo

"Hakumteka, wifi. Na hilo neno liache, majirani wanasikia."

"Wasikie. Mtoto nimemkuta njia panda amembebea mwanamume nisiyemjua begi la spana, halafu wewe unanichagulia maneno."

Wifi yangu Bupe, dada mkubwa wa mume wangu, alipuliza chai yake na kunywa. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, jikoni kwangu, na alikuwa ametulia kuliko sote. Mume wangu, Ambakisye, aliegemea friji akijifanya anatafuta kitu kwenye simu. Mwanamume wa begi alisimama mlangoni, kofia mkononi. Jina lake Gwakisa, fundi wa betri. Nilimwambia asiondoke mpaka anieleze, na kweli hakuondoka.

"Mama, mimi sikumwita," alisema. "Nilipita hapo getini kwenu, watoto wa jirani wakaniamkia. Nikawaitikia, nikaenda zangu. Kugeuka, huyu wako yuko nyuma yangu. Nikampungia mkono arudi, akasimama tu ananitazama. Nikatembea, akaja. Begi alilichukua mwenyewe nilipolitua kufunga kiatu."

"Watoto wa jirani uliwaitikiaje?"

"Kama watu wanavyoitikia, mama. Marahaba."

Tusekile alikuwa kwenye mkeka pembeni ya meza, anapanga vifuniko vya chupa. Akaviacha. Akainuka, akavuka jikoni, akaenda kusimama karibu na fundi, mikono nyuma, uso juu, kama mtu aliyeambiwa asubiri sahani yake.

Hakuna aliyemwita. Fundi alirudi hatua moja nyuma, na mwanangu akasogea hatua moja mbele.

"Umeona sasa?" Bupe alisema. "Hiyo ndiyo heshima. Mwaka jana angekuwa keshamng'ata."

"Mwaka jana angekuwa keshamkimbia, na leo ningeshukuru."

"Umesahau lori?"

Bupe alijua ananigusa wapi.

Nyumba yetu iko chini ya barabara inayotoka Tukuyu kwenda mpakani. Malori ya saruji ya siku hizi hayana dereva wala muungurumo. Unachosikia ni upepo, na ukishausikia limeshapita. Tusekile alikuwa mtoto wa kukimbia. Hakuwa na sababu. Akiona geti wazi alitoka kama jiwe lililorushwa. Siku ya lori nilifika nikalikuta limesimama lenyewe katikati ya barabara, taa zinawaka na kuzima, bampa limegusa sweta la mwanangu. Alikuwa anacheka. Shule nayo ilikuwa imeshatuomba kwa adabu tusimrudishe, maana alikuwa anang'ata walimu.

Ndipo wifi yangu, msimamizi wa walezi kwenye Kituo cha Malezi, alipotutafutia nafasi, na Tusekile akabandikwa kipepeo.

Ni kidude chenye umbo hilo, kinakaa nyuma ya sikio. Kinasikiliza na kutazama mtoto anafanya nini. Akifanya jema kinampelekea ubongoni kitu ambacho watoto wenyewe wanakiita asali. Akisimama ukingoni mwa barabara, asali. Akikaa darasani, asali. Akimwamkia mkubwa, asali. Hakuna fimbo, hakuna kelele. Baada ya muhula mmoja mwanangu alikuwa anakaa, anasoma, anasimama barabarani mpaka umshike mkono. Mimi mwenyewe nilimnunulia Bupe kitenge cha shukrani, na alikuwa amekivaa siku hiyo.

"Sijasahau lori," nilisema. "Fundi, nenda. Asante kwa kumrudisha."

"Sikumrudisha, mama. Ulinikuta naye njiani."

"Nenda hivyo hivyo."

Alitoka haraka. Tusekile alimfuata mpaka kizingitini, nikamshika sweta.

* * *

Sikulala vizuri, lakini asubuhi sikusema kitu. Nilimwogesha mtoto kama kawaida. Wakati wa kuoga kipepeo hubanduliwa. Nilikiweka kwenye kisahani juu ya kabati, karibu na dirisha, kipate jua. Kisha nikamkausha, nikamvisha, nikatoka naye uani, ambako maharage yalikuwa yanachemka kwenye jiko la kuni. Kipepeo nilikiacha ndani. Nilitaka kwanza kumwona mwanangu alivyo bila kitu hicho. Baadaye ningemrudishia, nimjaribu kwa lile neno la fundi.

Alikuwa amemkumbatia Kisa. Kisa ni mwanasesere wa uzi wa sweta, alifumwa na mama yangu kabla macho yake hayajaharibika. Ana jicho moja la kifungo. Tusekile halali bila yeye.

"Tuse, nipe Kisa nimfue."

"Hapana. Ni msafi."

"Nipe tu."

"Hapana, mama." Akambana kwapani.

Vizuri, nilijiambia. Huyu ndiye wangu.

Sijui kwa nini sikusubiri kipepeo kama nilivyopanga. Labda nilitaka kujidhihirishia kwamba ubaya wote uko kwenye kisahani kile, na kwamba bila hicho mwanangu hana tatizo. Nikamtazama usoni, nikasema neno hilo moja, kwa sauti ya kawaida.

"Marahaba."

Hakuwa ameniamkia muda huo. Alikuwa ameshaniamkia kitandani, tukamaliza. Lakini uso wake ulifunguka. Mabega yakashuka, kinywa kikaachama kidogo, macho yakaning'ang'ania.

"Nipe Kisa."

Akanipa. Nikamrudishia.

"Mtie motoni."

Nilidhani atacheka. Nilidhani ataniuliza, mama una wazimu? Tusekile alikwenda moja kwa moja kwenye jiko, akachuchumaa, akamsukuma Kisa katikati ya kuni zinazowaka kwa mkono wake wote, na hakuutoa mkono. Alikuwa ameutuliza pale, ananitazama, anatabasamu, anasubiri.

Niliruka nikamvuta. Sufuria lilipinduka. Ngozi ya vidole viwili ilikuwa imeanza kuinuka malengelenge, na bado alikuwa anatabasamu, mpaka maumivu yalipomfikia. Ndipo akalia. Akamwona Kisa, akalia zaidi.

"Nani amemtia?" aliuliza. "Mama, nani amemtia Kisa?"

Nilimmwagia mkono maji baridi. Kupitia dirishani nilikiona kipepeo juu ya kabati, kimekaa kwenye kisahani chake, kinapata jua.

* * *

Nilimwachia Ambakisye mtoto, nikapanda Kituoni kwa miguu ili hasira zipungue. Hazikupungua.

Njia ya kwenda chumba cha daktari inapita mbele ya madarasa. La kwanza mlango ulikuwa wazi. Watoto walikuwa wanapiga kelele kama watoto. Mwalimu kijana aliingia na kikombe cha kahawa, hakuna mtoto aliyemwamkia, hakuna aliyemwona hata. Akasema, bila kuinua sauti, "Marahaba," na darasa zima likageuza uso kwa wakati mmoja. Vinywa vimeachama kidogo. Akakaa, akanywa kahawa.

"Fungueni ukurasa wa mazoezi," alisema. Wakafungua.

Nilisimama pale mpaka aliponiona. Alinisalimia vizuri. Sikumjibu.

Bupe alikuwa ameshafika kwa Daktari Ipyana, msimamizi wa vipepeo. Ambakisye alikuwa amempigia simu dada yake. Daktari ni kijana mpole, mwenye kucha safi. Aliniamkia, nikaona taabu kumwitikia.

"Neno hili mnalijua," nilisema.

"Tunalijua, mama."

"Toka lini?"

Alimtazama Bupe. Bupe alitazama dirisha.

"Toka muhula wa kwanza," daktari alisema. "Naomba nikueleze, kisha unitukane. Mwanzoni mtoto alikuwa anapata asali akisema shikamoo tu. Watoto si wajinga. Walianza kuamkia ukuta, kuamkia mbuzi, kuamkia sahani, kutwa nzima. Tukarekebisha. Kipepeo kisubiri mpaka mkubwa aitikie. Kikisikia marahaba, ndipo kitoe asali. Tuliona ndiyo adabu yetu, salamu haijakamilika bila jibu."

"Kwa hiyo asali ikawa inakuja nyuma ya marahaba."

"Kila mara. Ubongo ukaunganisha. Sisi tulidhani tunafundisha shikamoo. Tulichofundisha ni kusubiri marahaba. Neno likisikika, mtoto anafunguka, kipepeo kiwepo kisiwepo, maana kilichojifunza ni yeye, si kidude. Atakaloambiwa baada ya hapo analifanya, kwa sababu anaona asali iko njiani."

"Na neno lenyewe liko kinywani mwa kila mtu mzima kutoka hapa mpaka baharini."

"Ndiyo, mama."

"Mlipogundua mkafanya nini?"

Bupe akajibu badala ya daktari.

"Wifi, wewe una mmoja. Mimi nina madarasa. Zamani mwalimu alikuwa anatoka hapa analia, mwingine analala hospitali kwa presha. Sasa anaingia, anasema neno moja, watoto wanasoma. Wanafaulu. Tuse wako anasoma hadithi nzima peke yake. Nani ameumia?"

Niliweka mezani kipande cha Kisa kilichobaki. Kilikuwa cheusi, kina kifungo kimoja.

"Hiki alikitia kwenye moto mwenyewe, na mkono wake pamoja. Kwa sababu nilimwambia. Wifi, je, asingekuwa mimi?"

Bupe alikitazama kifungo muda mrefu. Mama zetu, wangu na wake, walikuwa marafiki, alimjua aliyekishona. Akavua miwani.

"Linatoka vipi?" nilimuuliza daktari.

"Kwa njia ile ile lilivyoingia, ila kinyume. Unabandua kipepeo. Halafu unalisema neno, asali haiji. Unalisema tena, haiji. Humwagizi kitu, humpi kitu. Mwisho ubongo unachoka kulisubiri, neno linakuwa neno tu. Lakini nisikufiche. Kabla halijafa litapanda. Atafanya kila alichowahi kufundishwa, mara mbili, mara kumi, akitafuta asali ilikokwenda. Akikosa, atakasirika, na hasira itakuwa kubwa kuliko ile mliyoijua. Na kuna jambo lingine. Kusimama barabarani kumefungwa kwenye asali hiyo hiyo. Siwezi kukuahidi kwamba utang'oa moja ukabakiza lingine."

Nilimwelewa. Alikuwa ananiambia lori.

"Ndiyo maana nina pendekezo jingine," aliendelea, na akasogeza kiti. "Tunabadilisha neno. Tunahamisha kila kitu kutoka marahaba kwenda neno mtakalochagua ninyi wazazi. La kwenu wawili tu. Hakuna fundi atakayelisema njiani, hakuna mwalimu. Mtoto anabaki salama, anabaki mtulivu, na ufunguo unabaki nyumbani. Wazazi kadhaa wameshafanya hivyo. Wanafurahi sana."

"Baba Tuse ameshakubali," Bupe alisema taratibu. "Nilimweleza kwenye simu. Umebaki wewe tu."

Kabla hata daktari hajamaliza kueleza, mimi nilikuwa nimeshapata neno. Lilikuja lenyewe. Zuri, fupi, ambalo hakuna mtu Tukuyu nzima angelitamka kwa bahati mbaya. Nilijiona asubuhi nina haraka, mtoto hataki uji, ninalisema. Nilijiona jioni nimechoka, ninalisema. Nilimwona ana miaka kumi na sita, ana mtu wake nisiyempenda, amesimama mlangoni na begi lake, na mimi ninalisema.

Wote wawili walikuwa wananitazama kama mwalimu yule alivyotazama darasa lake.

Nikachukua kipande changu cha Kisa, nikaondoka. Bupe aliniita mara moja. Hakuinuka kunifuata.

* * *

Mvua nyepesi ilikuwa imeanza niliporudi. Ambakisye alikuwa getini, amemshika Tusekile mkono ule mzima. Nyuma ya sikio la mtoto kipepeo kilikuwa kimerudishwa.

"Si tuchague tu neno, Mama Tuse," alisema kabla sijafungua mdomo. "La kwetu. Nani atajua?"

"Sisi tutajua."

"Mzazi kusikilizwa na mtoto wake kuna ubaya gani? Mimi baba yangu alinichapa mpaka nikamsikiliza. Hapa hakuna hata kofi."

"Baba yako alikuchapa, na ulikuwa unamkatalia moyoni. Wewe mwenyewe umenisimulia, kwa kujivuna kabisa. Huyu hana pa kukatalia."

"Mimi siwezi kumwambia atie mkono kwenye moto."

"Mimi nimemwambia leo asubuhi. Mama yake. Hakuuliza kwa nini. Wewe mwenyewe unanijua nikichoka nilivyo, na mimi nakujua ukishakunywa ulivyo. Unataka tuwe na neno hilo ndani ya nyumba?"

Alikunja uso. Hakupenda hilo la kunywa, na lilikuwa kweli.

Lori likapita barabarani, juu ya nyumba. Hatukusikia kitu, majani ya migomba yaliinama na kuinuka, basi. Ambakisye alilitazama mpaka lilipopotea, na nikaona mkono wake umemkaza mtoto.

"Na barabara hiyo?" aliuliza.

"Hiyo tutafunga geti. Tutamshika mkono, kila siku, kwa zamu, mpaka aiogope mwenyewe kama watu wanavyoiogopa. Shule ataisubiri. Kazini kiwandani nitaomba likizo bila mshahara, wakininyima nitaacha."

"Na akitushinda?"

"Sijui, Baba Tuse. Ninachojua ni kwamba hata wewe sasa hivi unaniuliza maswali, na yeye hawezi."

Alisimama pale mvua inamnyeshea. Kisha akaenda kwenye pikipiki yake, akafungua mnyororo wa gurudumu, akauzungusha kwenye nguzo za geti, akafunga kufuli. Ufunguo akautia mfuko wa shati. Alikuwa amejifungia upande wa ndani, pamoja nasi.

"Anza," alisema. "Kabla sijabadili mawazo."

Nilipiga magoti mbele ya mwanangu, nikabandua kipepeo. Kilikuwa cha moto kidogo. Nikampa baba yake.

"Kesho mpelekee dada yako."

Kisha nikakaa kwenye ngazi ya baraza, mtoto mbele yangu, mkono wake mmoja una bendeji.

"Marahaba."

Uso ukafunguka. Nikanyamaza. Alisubiri, nikamwona anatega sikio ndani yake mwenyewe, kama mtu anayetikisa kibiriti kujua kama kina njiti. Hakukuwa na kitu.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba."

Akasubiri. Akavua kiatu, akakiweka mapajani pangu. Sikusema kitu. Akavua cha pili.

"Marahaba."

Akavua sweta, kwa shida kwa sababu ya bendeji, akalikunja kama walivyomfundisha Kituoni, akaliweka juu ya viatu. Akakimbia ndani akaniletea daftari, kikombe, taulo, mto wake wa kulalia. Akakaa chini akakunja miguu, mikono nyuma. Akasimama. Akakaa. Akamwamkia baba yake, akaamkia geti, akaamkia pikipiki. Alikuwa anatetemeka, amebaki na fulana, mvua inamwingia, na bado ananitabasamia. Ambakisye aligeukia ukutani.

"Shikamoo, mama. Shikamoo. Shikamoo."

"Marahaba. Marahaba, Tuse. Marahaba."

Tabasamu likaanza kuondoka, upande mmoja kwanza. Alinitazama, na mara hii alikuwa ananitazama mimi, si kilicho nyuma yangu. Akapiga teke rundo lote, kikombe kikavunjika. Akakimbilia geti, akalitikisa, halikufunguka. Akapiga ukelele ambao sikuwa nimeusikia tangu abandikwe kipepeo, akarudi mbio, akaukamata mkono wangu kwa mikono yake miwili na kuung'ata kwa nguvu zake zote.

Sikuutoa mkono.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.